Irudishe Betri Mahali Pake

Maji ya betri yana harufu ambayo aliyeizoea utotoni haimtoki puani hata akizeeka. Si harufu mbaya kama watu wanavyodhani. Ni kali, inakwaruza koo kama ndimu iliyokatwa kwa kisu chenye kutu, na katika nyumba yetu ya mtaa wa Mlango Mmoja, pale mjini Mwanza, ilichanganyika na harufu ya risasi iliyoyeyushwa na ya furu walioanikwa na majirani, samaki wadogo wa ziwani ambao siku hizi hata kuwaona ni bahati. Nguo zetu zote zilikuwa na matundu. Tone moja tu la maji yale likidondokea kanga, unaifua leo, kesho unaanika chujio. Mama alikuwa Mkerewe wa Nansio na ulimi wake haukukubali kutenganisha ra na la. Alikuwa akinung'unika, "Mimi nimeolewa na ledio, sikuolewa na mtu," na baba akimwiga, "Ledio, ledio! Sema redio, mke wangu, nami nitakutengenezea ya kwako." Mama hakuwahi kusema redio, na hakuwahi kupata ya kwake. Naanza na kicheko hicho kwa sababu huko mbele hakuna kingine cha kucheka, na sitaki msomaji aje aniambie nilimdanganya.

Baba yangu aliitwa Fundi Selemani. Wazee wake walikuwa Wamanyema waliofika Mwanza na misafara ya zamani wakaamua kutorudi, na yeye mwenyewe alikwenda vitani Burma akiwa kijana, akarudi hana cheo wala jeraha, ila amejifunza kutengeneza redio na kuchaji betri. Alifanyia kazi barazani kwa Bwana Jamnadas, mfanyabiashara wa Kihindi aliyeuza taa, nyaya na vipuri vya redio, na ambaye duka lake lilipakana na nyumba yetu na lilikuwa na umeme. Makondakta wa mabasi walileta betri zao asubuhi, jioni wakazichukua. Wenye redio walileta redio zao zimefungwa shuka kama maiti, na baba akizifungua alizisemesha kwanza: "Haya bibi, nieleze, nini kimekusibu?" Mikono yake ilikuwa na akili peke yake. Angeweza kugusa waya uliolegea ndani ya mashine huku anazungumza nawe habari za bei ya unga, wala asiangalie.

Lakini mikono haikutosha. Miaka ile, kama mitatu minne hivi kabla ya uhuru, nyumba mpya zilikuwa zikijengwa huku na huko na kila mwenye nyumba alitaka umeme, na sheria ya wakubwa ilikuwa kwamba asiye na leseni haruhusiwi kuingiza hata waya mmoja ukutani. Leseni ilipatikana kwa mtihani. Baba aliutaka mtihani ule kuliko alivyotaka kitu chochote duniani. Si kwa ajili ya fedha tu. Alikuwa amechoka kuitwa mchaji betri na vijana waliokuja na makaratasi yao, watu ambao, kwa maneno yake, hawakuweza kutofautisha waya na kamba ya kufungia mbuzi. Alijiandikisha, akapewa tarehe, na Bwana Jamnadas akampa kitabu cha zamani cha mafundisho ya umeme kilichokuwa kimelala stoo. Kilikuwa cha Kiingereza kitupu. Baba alijua kusoma Kiswahili kwa taratibu na michoro kwa haraka, maana michoro haina lugha. Kiingereza chake kilikuwa kile cha jeshini: simama, geuka, nyamaza.

Ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa darasa la sita, msichana wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko, na Kiingereza tulikianza mwaka uliotangulia tu. Msinione hivi. Nilikuwa na majivuno ya jogoo aliyeanza kuwika jana! Nikipita mtaani nilisoma kwa sauti kila kibao cha duka, na mama mkubwa mmoja jirani yetu alikuwa akisema, "Yule mtoto wa Selemani, Kiingereza kitamtoka puani." Kila siku nikitoka shuleni nilikaa kwenye debe lililofudikizwa, kitabu magotini, nikasoma mstari mmoja mmoja na kuutia Kiswahili, na baba akisikiliza kichwa kimeinama kama yuko msikitini. Neno nisilolijua nililiruka, au nililikisia. Baba hakujua kwamba nakisia. Aliniita "mwalimu wangu," na wateja wakija aliwainulia kiganja wasubiri mpaka mwalimu amalize sentensi.

Lilikuwako somo moja alilolipenda kuliko yote, nami nitalieleza alivyolieleza yeye, kwa sababu nimefundisha fizikia miaka thelathini na ushei na sijamsikia aliyelieleza vizuri zaidi. Chukua sanduku. Jaza ndani betri na vikinzani, yaani vile vipande vinavyoukatalia umeme usipite kwa urahisi, vingi kadiri utakavyo, uvifunge ovyo ovyo, kisha ufunge kifuniko na kuacha ncha mbili tu za waya zitokeze nje. Mtu aliye nje hana haja ya kujua fujo iliyomo. Kwake yeye sanduku zima ni sawa na betri moja na kikinzani kimoja, basi. Ukizipata namba mbili hizo, volti ngapi na ukinzani kiasi gani, umelijua sanduku lote. Baba alipolielewa hilo alijipiga paja. "Dija!" alisema, maana jina langu ni Hadija, "hii si ndiyo Mlango Mmoja yenyewe! Ukisimama mlangoni kwa mtu hujui ndani mna wake wangapi na vyungu vingapi. Unachojua ni wanakupa nini na wanakubania kiasi gani. Hata kitabu cha Wazungu kinaujua mtaa wetu!" Akawaeleza makondakta, akamweleza Bwana Jamnadas, akamweleza hata mama, aliyemjibu kwamba yeye mlango anaoujua ni ule ambao unga haujaingia tangu juzi.

Mwisho wa somo kulikuwa na zoezi. Betri ya volti kumi na mbili, kikinzani kimoja cha omu sita, kingine cha omu tatu chenye zile ncha mbili za nje, omu ikiwa ndiyo kipimo cha ukinzani. Nyuma ya kitabu jibu liliandikwa: volti nne, omu mbili. Baba hakuwa mtu wa kufanya hesabu hewani. Alichukua waya wa jiko bovu la umeme akausokota, akapima kwa mita yake mpaka akapata sita na tatu kamili, akaunganisha na betri mbili za basi za volti sita sita zilizokuwa zimetoka kuchajiwa. Akapima kwenye zile ncha mbili. Volti nne! Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Ilibaki namba ya pili. Ili kuupima ukinzani wa sanduku ni lazima betri inyamaze kwanza, hilo alilijua, kwa hiyo akazitoa zile betri akaweka mita. Ikasema tatu. Akarudia, tatu. Kitabu kinasema mbili. Siku nzima namba ile ilimnyima raha, hata chakula hakukimaliza. Mtihani ulikuwa umebakiza siku tisa na alikuwa na hakika swali kama lile litakuja.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi, asubuhi, jua limeshawaka juu ya mawe ya Mwanza na ziwa linameremeta kule chini. Mama alikuwa amenituma maji bombani na mimi nilikuwa sijaenda, nasoma. Baba aliniambia niutafute mstari unaosema nini cha kufanya na betri. Mchwa walikuwa wamekula kona ya ukurasa ule, na mchoro wa hatua ile ulikuwa umekwenda nao. Yalibaki maneno tu. Niliupata mstari. Ulikuwa mfupi, na moyo wangu ulifurahi kwa sababu maneno yake yote nilikuwa nayajua. Neno la kwanza lilikuwa lile ambalo mwalimu wetu alilitumia kila siku kengele ikilia: "Ripleisi," alisema, na sisi tukarudisha vitabu kabatini, kila kimoja mahali pake. Kisha ikaja betri. Kisha neno dogo, "bai," nalo tulilijua kwenye somo la nyumba iliyokuwa bai mto, yaani kando ya mto. Kisha waya. Nikainua kichwa nikasema kwa sauti ya mtu anayesoma hutuba: "Irudishe betri mahali pake, kando ya waya."

 Namwona baba hata sasa, koleo mkononi, jicho moja amelifumba kwa ajili ya jua. Akasema, "Kando ya waya? Yaani waya ushike kichwa hiki na kichwa hiki, na betri iko hapo hapo?" Nikamwambia ndivyo kilivyoandikwa, baba. Akasema, "Lakini itaungua, Dija. Waya mtupu juu ya betri, itaungua. Hebu soma tena." Nikasoma tena. Akaniuliza mara ya tatu kama nina hakika, na hapo, Mungu anisamehe, nilikasirika. Mtu asiyejua hata kusema asubuhi njema kwa Kiingereza ananiuliza mimi kama nina hakika! Nikamjibu, "Baba, anayejua Kiingereza ni mimi au ni wewe? Ndivyo kilivyoandikwa." Mikono yake ilijua. Mikono ile ilikuwa na miaka zaidi ya kumi inajua kwamba hivyo sivyo. Lakini kitabu kilikuwa kimeandikwa Uingereza, na mwanawe alikuwa darasa la sita. Akarudisha betri, akainama karibu apate kuiona mita, akachukua kipande cha waya mnene.

Betri iliyotoka kuchajiwa hutoa gesi, na gesi ile ikikutana na cheche hailalamiki, inalipuka. Nilisikia mlio mmoja mkavu. Vifuniko viliruka, na maji ya betri yakamrukia baba usoni na kwenye macho yote mawili. Hakupiga kelele. Alisema, "Maji. Dija, maji." Nikakimbilia mtungini. Mtungi ulikuwa na kata moja ya maji chini, kwa sababu mimi sikwenda bombani. Ziwa lote lile, ukikaa barazani unaliona mpaka linapokutana na mbingu, na sisi ndani tulikuwa na kata moja ya maji. Mama alimmiminia kata ile, akachukua mtindi akamwagia, akachukua chai baridi, huku analia kwa Kikerewe maneno ambayo hakuwahi kuyasema mbele yetu. Bwana Jamnadas alikuja mbio na ndoo kutoka dukani kwake, kisha akatupakia kwenye gari lake. Hospitalini walimsafisha, wakamfunga, wakamweka wiki sita. Walipofungua, jicho la kushoto lilikuwa jeupe kama ganda la yai, na la kulia liliona kivuli cha mkono kwa miezi michache, halafu nalo likazima.

Tarehe ya mtihani ilipita akiwa bado amefungwa kitambaa. Kila aliyekuja kumjulia hali alitaka kujua ilikuwaje, na kila mara baba alijibu maneno yale yale: "Nilisikia vibaya mimi. Mtoto alisoma sawasawa." Alimwambia hivyo Bwana Jamnadas, akawaambia makondakta, akamwambia mama, ambaye alinitazama kwa muda mrefu kisha akaenda zake jikoni. Nami niliamini. Nasema kweli, niliamini kabisa kwamba nilisoma sawasawa, na moyoni nilimwonea baba huruma kwamba somo lilikuwa gumu kwake. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini hawakusema habari za mtu aliyejikwaa ulimi na asijue, akaendelea kutembea kifua mbele. Mama alianza kukaanga samaki na kuuza kule mwaloni mashua zinapofikia. Baba alikaa barazani pale pale, akisikiliza redio za wengine zikitengenezwa na wengine. Na mimi, kwa sababu nilikuwa hodari wa Kiingereza, nilifaulu nikapelekwa shule ya bweni ya wasichana.

Nilikuwa darasa la kumi mwaka ule wa uhuru. Wiki chache kabla ya likizo mwalimu wetu wa Kiingereza aliingia na gazeti, akatusomea habari kwamba nchi ikishapata uhuru wake, Wazungu walioko maofisini, mmoja baada ya mwingine, wata... na hapo akalitaja lile neno, ripleisi, bai Waafrika. Darasa zima lilipiga makofi. Wenzangu walisimama juu ya madawati, mmoja akarusha kofia dirishani. Mimi nilibaki nimekaa. Nilikuwa najaribu kuutia mstari ule Kiswahili kama nilivyozoea, na ukanijia hivi: Wazungu watarudishwa mahali pao, kando ya Waafrika. Sasa mbona watu wanashangilia? Nikamwuliza mwalimu. Alicheka, akafikiri nafanya mzaha, kisha akaandika ubaoni: neno hili lina maana mbili, na likifuatwa na lile dogo, maana yake ni kukiondoa kitu na kuweka kingine badala yake. Kukiondoa. Nilitazama ubao. Nililiona baraza, niliuona waya mnene, nilimsikia baba akiuliza mara ya tatu kama nina hakika. 

Nilirudi nyumbani Desemba. Bendera mpya zilikuwa kila mahali, watu wamevaa vizuri, ngoma zinalia tangu asubuhi mpaka kule juu ya mawe. Nilimkuta baba barazani amevaa kanzu safi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akashika mkono wangu akaupapasa, akasema nimekuwa mkubwa. Kisha akasema ana shauri nami. "Watu wanasema sasa mitihani itakuja kwa Kiswahili," alisema. "Mimi leseni siitaki tena, nitaifanyia nini? Lakini lile zoezi, Dija, sijaliacha. Miaka minne nalifanya kichwani." Mama alikuwa ameshaniambia kwamba kutwa anachora juu ya paja kwa kidole na kunong'ona namba, na kwamba yeye alidhani ameanza kurukwa na akili. Baba akaendelea, taratibu, kidole kikichora: "Mimi ningekuwa ndiye mwandishi wa kitabu, ningeitoa betri kabisa, halafu pale ilipokuwa ningeweka waya mtupu. Hapo sita na tatu zinakaa ubavu kwa ubavu. Sita mara tatu kumi na nane, gawa kwa tisa, mbili. Omu mbili, Dija! Jibu linakuja! Lakini kitabu hakikusema hivyo. Nenda kakilete. Nisomee ule mstari tena, pengine kuna neno nililikosa mimi."

Kitabu mama alikuwa amekihifadhi juu ya kabati, kimefungwa kitambaa. Nilikifungua kwenye ukurasa ule ulioliwa kona. Mstari ulikuwa pale pale, maneno yale yale machache, na ulisema barabara alivyosema baba. Alikuwa sawa. Kipofu, bila shule, bila mita, bila mchoro, alikuwa amelipata kwa kidole juu ya paja lake. Kilichohitajika ni mimi kufungua mdomo na kusema: Ndivyo kilivyoandikwa, baba, hivyo hivyo ulivyosema. Angefurahi kuliko watu wote waliokuwa wakicheza ngoma siku ile. Na pumzi iliyofuata angejua ni nani aliyemtoa macho, na mama, aliyekuwa mlangoni na sinia la mchele mikononi, angejua pia. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliogopa. Sina neno jingine la kulipamba. Nikasoma kwa sauti ile ile ya hutuba: "Irudishe betri mahali pake, kando ya waya."

 Ngoma zilikuwa zikilia. "Una hakika?" aliuliza baba, kwa upole, mara moja tu safari hii. Nikasema, "Ndivyo kilivyoandikwa, baba." Kidole kilikoma juu ya paja. "Basi," alisema. "Basi ni mimi. Nilidhani nimeipata, kumbe akili yangu ndiyo inayonidanganya. Elimu hii si ya watu kama sisi, Dija. Wewe isome, mimi iniache." Akamwita mama akamwambia ampelekee Bwana Jamnadas mita, atafute wa kumpa. Tangu siku hiyo hakuchora tena. Mikono ile ililala juu ya magoti yake viganja juu, na mtu akimletea redio amshauri tu kwa kuisikiliza, alitikisa kichwa akasema waulizwe wenye kujua. Alikufa baada ya masika mawili. Watu walisema ni kifua. Mimi nilijua sanduku lile ndani lilikuwa na nini, ila nilibaki nje nimefunga mdomo kama wengine.

Nilikwenda chuo cha ualimu, nikafundisha fizikia, na kila mwaka nilifika kwenye somo lile. Nilichora sanduku, nikatoa ncha mbili, nikaandika volti nne, omu mbili. Mwanafunzi akiniuliza, "Mwalimu, una hakika?" nilitoka nje ya darasa kidogo, wakadhani mimi ni mkali. Nimesifiwa, nimestaafishwa kwa heshima na kupewa saa ya ukutani. Mwanza ya leo, kuanzia Igogo mpaka Ilemela, mawe yote yamejaa nyumba na kila nyumba ina umeme wake, na vijana wanaouingiza ukutani hawajui kama aliwahi kuwako mtu aliyekaa barazani Mlango Mmoja akauwaza mpaka mwisho. Nilitegemea umri ungenipunguzia. Haukupunguza kitu. Mama naye alikwisha kufa, Bwana Jamnadas alihama zamani, hayupo hata mmoja wa kumwambia. Maji yakimwagika hayazoleki, na yangu niliyamwaga mara mbili, ya pili kwa makusudi.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu anaitwa Rukia, ana miaka kumi na minne na simu. Mwezi uliopita alikuwa akinisaidia kupanga vitu vya kabatini, akakikuta kitabu, akakipuliza vumbi, na kama wafanyavyo watoto wa sasa akaielekeza simu kwenye ukurasa ulioliwa na mchwa imtafsirie. Haikupita hata dakika. "Ondoa betri, weka waya mahali pake," alisoma Rukia. "Bibi, hiki kitabu kilikuwa cha nani?" Nikamwambia asome tena. Akasoma. Nikamwambia asome kwa nguvu zaidi, apaze sauti. Mtoto alinitazama, akatazama na chumba, viti vimekaa vitupu kandokando ya ukuta. "Bibi jamani," alisema, "nipaze sauti asikie nani, na humu ndani tuko wawili tu?"